Mfanyakazi Aonekanaye Asiyesikika: Jinsi Filamu za Vugiri Zilivyotengenezwa

Mwanzoni mwa karne ya 20, kampuni ya Mitchell and Kenyon ya Blackburn, mji wa viwanda vya pamba katika eneo la Lancashire nchini Uingereza, ilikuwa ikitega kamera mbele ya malango ya viwanda saa wafanyakazi walipotoka kazini, na sababu yake ilikuwa biashara tupu, kwa kuwa kadiri nyuso nyingi zilivyonaswa ndivyo watu wengi walivyolipa kiingilio ili wakajione. Negativu zipatazo 800 za kampuni hiyo, yaani mikanda ya awali ambayo nakala huchapwa kutoka kwayo, ziligunduliwa mwaka 1994 katika chumba cha chini cha duka mjini humo, na sasa ni kumbukumbu isiyo na mfano ya tabaka la wafanyakazi wa kaskazini mwa Uingereza. Katika ukanda unaotoka Chalinze ukapita Lugoba na Msata hadi Korogwe, ambako ujira ulimaanisha zaidi mkonge kuliko pamba, filamu za zamani kuhusu watu wa ujira zilitengenezwa kwa njia nyingine kabisa, na ni njia hiyo, kuliko nia ya watengenezaji peke yake, inayoeleza kwa nini mfanyakazi anaonekana sana ndani yake lakini hasikiki.

Kituo cha kutengenezea filamu hizo kilikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara juu ya Korogwe, ambako mradi wa filamu za elimu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE uliendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa fedha zilizotoka hasa katika Shirika la Carnegie la New York. Wazo lake lilitokana na uchunguzi wa J. Merle Davis kuhusu migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, uliochapishwa mwaka 1933. Aliyesimamia upigaji picha, Meja L. A. Notcutt, alikuwa amewahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki, na tangu mwaka 1926 aliona kwamba sinema shambani ingeweza kusaidia kuwafanya vibarua waridhike na kazi. Asili hiyo haipaswi kusahauliwa hata kidogo, kwa sababu filamu iliyozaliwa katika ofisi ya meneja haiwezi kulitazama shamba kama anavyolitazama manamba, yaani kibarua wa mkataba aliyeletwa kutoka mbali na kulipwa baada ya kutimiza siku 30 zilizowekwa alama katika kadi iliyoitwa kipande.

Mradi ulitumia mkanda wa milimita 16, ambao ulikuwa mwepesi na rahisi kuliko ule wa milimita 35 wa majumba ya sinema, na tena haukushika moto kwa urahisi, jambo lenye uzito kwa mitambo iliyosafirishwa kwa lori kupitia Tanganyika, Kenya, Uganda na hadi Nyasaland. Picha zilipigwa bila sauti, kisha maelezo yakarekodiwa baadaye katika sahani za santuri, ambazo zilichezwa sambamba na projekta wakati wa maonyesho. Faida yake ilikuwa kubwa, kwani picha ileile iliweza kupewa sahani ya Kiswahili, ya Kiganda au ya Kibemba, bila kuchapa mkanda mpya kwa kila lugha.

Hasara yake inaonekana mtu anapofuata mikono ya fundi wa projekta. Alipaswa kuiweka sindano mahali pa kuanzia kwenye sahani huku picha ya kwanza ya mkanda ikiwa imekaa sawasawa mbele ya taa, halafu aviwashe vyote pamoja; mkanda ukikatika na vipande vichache vikapotea katika kuunganisha, picha hutangulia na sauti hubaki nyuma hadi mwisho wa sahani, isipokuwa kama fundi ameziba pengo kwa kipande kitupu cha urefu uleule. Kwa chombo cha namna hiyo, kumpiga picha mtu akizungumza na kutaraji maneno yake yaoane na midomo ni kujitafutia matatizo, na iliyo salama ni sauti ya msimulizi inayoelea juu ya picha, ambayo hata ikichelewa kidogo haiharibu kitu. Hivyo sauti iliyosikika haikuwahi kuwapo kazini: kishindo cha korona, mtambo unaoparura majani ya mkonge ili kutoa singa, hakingeweza kuingia, wala nyimbo na malalamiko ya wakataji.

Filamu kuhusu Benki ya Akiba ya Posta inaonyesha athari ya mpangilio huo. Vibarua wawili wanapokea mshahara, mmoja anapeleka fedha posta, mwingine anazifukia nyumbani na kuibiwa, na funzo linaeleweka hata na asiyesikia maelezo. Kisa kizima kimejengwa juu ya matumizi ya mshahara, na suala la kiasi chake halina pa kuingilia, ilhali Mei 1935 wachimbaji wa migodi ileile aliyoichunguza Davis walikuwa wamegoma kwa sababu ya kodi, na sita kati yao wakauawa kwa risasi huko Luanshya.

Kati ya filamu zipatazo 35 za mradi, zilizosalia ni chache sana. Mojawapo inahusu mpango wa mashamba ya wakulima wadogo huko Kingolwira, karibu na Morogoro, na mtazamaji wa leo anafaidika zaidi akiacha hoja ya mpango na kuangalia namna watu wanavyoshika majembe na wanavyokwepa kuitazama kamera.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika ilijaribu njia tofauti kwa kushirikiana na kampuni ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi za Kiswahili, zikiwamo Muhogo Mchungu, ambayo mhusika wake mkuu ni mshamba anayekumbana na hila za mjini. Ilikuwa bado ni filamu ya kuonya, lakini safari hii mtu wa kawaida alikuwa na jina, nafasi ya kukosea na uso unaofuatwa na kamera tangu mwanzo hadi mwisho. Uso huo ulikuwa wa Rashidi Kawawa, mtumishi wa idara ya ustawi wa jamii, ambaye mwaka 1955 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, akiwasemea kwenye meza ya majadiliano watu ambao filamu za Vugiri ziliwaonyesha wakiwa kimya.