Mshipa Upi? Juu ya Istilahi za Mzibo katika Ini na Mapafu

Tumeletewa mswada wa kijitabu cha kuwaelimisha wagonjwa wanaopandikizwa seli shina, tutoe maoni juu ya istilahi zake. Kazi hii imekuja kwa wakati wake, kwani Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023. Lugha ya mswada ni fasaha. Hata hivyo, kasoro moja hatuwezi kuinyamazia.

Madhara mawili yawezayo kumpata mgonjwa baada ya kupandikizwa, moja la ini na jingine la mapafu, yote yameitwa "ugonjwa wa kuziba mishipa". Neno "mshipa" katika Kiswahili limebeba mzigo mzito: ni ateri, ni vena, ni neva, na kwa wengine ni ngiri pia. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha hutuokoa. Katika tiba hautoshi.

Tuanze na ini. Dawa kali na mionzi apewayo mgonjwa kabla ya kupandikizwa huweza kujeruhi seli zilizotanda ndani ya sinusoidi, yaani vijishipa vipitishavyo damu kati ya seli za ini. Damu hukwama, ini huvimba na kuuma, maji hujaa tumboni na macho huwa ya manjano, mara nyingi katika majuma matatu ya kwanza. Zamani wataalamu waliuita ugonjwa huu kwa jina la vena. Mwaka 2002, Laurie DeLeve na wenzake wa Marekani walipendekeza jina la sinusoidi, kwa kuwa jeraha huanzia huko, na vena huweza hata kusalimika. Mtafsiri afuataye jina la zamani neno kwa neno hurithi kosa ambalo wenyewe wamekwisha kulisahihisha.

Katika mapafu mambo ni kinyume: huko vena ndogo ndizo hasa zizibazo. Hali hii ni nadra, lakini ni ya hatari. Dawa za kupanua ateri, ambazo humfaa mgonjwa mwenye shinikizo kubwa katika ateri za mapafu, zaweza kumjaza maji mapafuni mwenye vena zilizoziba. Muuguzi aliyesoma "mishipa" tu atatofautishaje?

Hivyo twapendekeza "mzibo wa sinusoidi za ini" na "mzibo wa vena za mapafu". Watakaosema kuwa "sinusoidi" ni neno geni wakumbuke kwamba ateri, vena na kapilari nazo zilikuja kwa njia hiyo hiyo, na sasa zimo katika vitabu vya shule. Mgonjwa na aelezwe kwa maneno mepesi, lakini jina la ugonjwa lisiyumbe.

Waliounda neno "selimundu" waliitazama seli yenyewe kabla ya kuipa jina. Nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo. Maoni ya madaktari, wauguzi na wasomaji wengine yatapokelewa kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.