Gereji Moja, Vibonye Vitatu, na Usiku Mzima Mvara

Jamani, sijalala! Tangu jana jioni niko na Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya gemu, hapa nyumbani Mvara, na sasa majogoo wanawika, nami bado nina gemu moja ya kumalizia.

Unaanzia gerejini, miaka ya 1980, na mtaji wa 70,000. Unachagua mada, aina ya gemu na mashine itakayoichezesha, kisha mapovu yanaanza kupanda kutoka kichwani mwa kijana wako aliyeinamia meza: ya chungwa ni ubunifu, ya buluu ni teknolojia. Intaneti haihitajiki. Ni raha tupu!

Lakini utamu wenyewe uko kwenye muda. Gemu inapita awamu tatu, na kila awamu ina vibonye vitatu vya kusogeza. Awamu ya kwanza ni injini, uchezaji na hadithi. Ukipandisha kimoja, vingine vinanyang'anywa muda papo hapo, unaona kwa macho. Nilikuwa natengeneza gemu ya usafiri, aina ya uigaji, na mdogo wangu kaniegemea begani: "Kaka, weka hadithi! Dereva awe na mama mgonjwa!" Nikajaza hadithi, nikajaza mazungumzo. Wakaguzi wanne wakaja mmoja mmoja: 4, 5, 3, 4. Moyo uliniuma kweli.

Mara ya pili nikaishusha hadithi mpaka chini, muda wote nikaumwaga kwenye injini na uchezaji, baadaye akili ya mashine na picha. 8, 9, 8, 8! Tulipiga kelele mpaka mama akagonga ukuta.

Halafu kuna hitilafu. Gemu imekamilika, hela inaisha, namba ya hitilafu haijafika sifuri. Utoe leo au ungoje? Mimi nangoja! Kila nilipoharakisha, wakaguzi walinichapa.

Usiku kucha nimemfikiria Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi huku kwetu kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za laptopu, naye akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Kwenye laptopu hiyo ndipo alipoitengeneza gemu yake, Salaam, ikasambaa kambini kwa Bluetooth. Vibonye vyake vilikuwa betri na miguu! Sasa kila ninapoongeza kitu kwenye gemu yangu najiuliza: hiki kinastahili mwendo wa saa tatu?

Game Dev Tycoon ilianza kutoka mwishoni mwa 2012, kazi ya ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug, na toleo la simu lipo. Itafuteni!

Umeme umekatika. Betri asilimia 11, awamu ya tatu, kibonye cha sauti sijakigusa. Mdogo wangu amekimbilia kwa mama jirani mwenye sola.