Siku Kumi na Tano za Ibn Battuta

Mwaka mmoja masika yaliifunga barabara ya Kibiti, nami nilikuwa na haja ya kufika Dar es Salaam. Daraja la Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilikuwa bado halijajengwa. Nikatoka Mingoyo, nikaenda Mtwara kupanda meli. Humo melini, kwa kukosa la kufanya, nilisoma safari za Ibn Battuta katika tafsiri ya Kiingereza. Raha niliyoipata! Kula, kulala, kusoma kidogo na kutazama pwani ikipita.

Niliporudi nyumbani nilimtafsiria mjomba wangu kurasa zinazohusu pwani yetu. Yeye ujana wake wote alikuwa baharia wa jahazi lililochukua boriti za mikoko kutoka Rufiji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na huko baharini, mpwa wangu, alikuwa akifanya nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu kitabu hakina jibu. Ibn Battuta alifika pwani hii mwaka 1331. Kutoka Zeila hadi Mogadishu anasema walisafiri siku 15, na habari yote ya siku hizo ni sentensi moja. Akishuka Mogadishu, kalamu inafunguka: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi, maembe. Mombasa alilala usiku mmoja, akatweka kwenda Kilwa. Hapo anamsifu Sultani Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji, aliyevua nguo zake akampa fakiri kutoka Yemen. Ni kisa kizuri, na kimesimuliwa vizuri. Kisha anapanda chombo kwenda Dhofar, na bahari inanyamaza tena.

Wako watakaomtetea. Watasema kitabu hiki alikisimulia baada ya miaka mingi, mwandishi wake Ibn Juzayy akakimaliza mwaka 1356, na siku za baharini hufanana. Hoja hiyo ina uzito, lakini hainitoshi. Kwingineko, dhoruba inapovunja vyombo huko Calicut, Ibn Battuta anaikumbuka bahari vizuri sana. Maana yake ni kwamba kwake bahari ina habari inapoua tu. Ikiwafikisha watu salama, haina la kusimuliwa.

Mjomba hakukubali. Alisema siku isiyo na habari kwa abiria ndiyo siku ambayo mabaharia wamefanya kazi yao sawasawa: wamefua maji ya ngama usiku kucha, wamegeuza foromali upepo ulipogeuka, wamepika kwenye sanduku la mchanga huku chombo kikiyumba. Utulivu wa msafiri hutengenezwa na watu. Ibn Battuta aliwaona watu hao kila siku, akawakumbuka masultani.

Tangu hapo nakisoma kitabu hiki kwa namna nyingine. Bado nakipenda, na asiyekisoma amejinyima mengi juu ya Kilwa. Ila sasa kila nikifika kwenye sentensi ile ya siku 15 nasimama, nawatafuta waliomo ndani yake.

Miaka hii meli za watalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa Kisiwani. Wageni hushuka kutazama Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, kisha hurudi melini kupumzika. Siwalaumu, hata mimi nilipumzika. Nilipolitafuta daftari langu la safari ile ya Mtwara, nilikuta nimeandika juu ya machweo, pomboo na chai. Aliyeileta chai hiyo sikumwandika.

Mjomba amekwisha kufariki. Mambo ya foromali na sanduku la mchanga aliniambia jioni moja, kwa sababu aliudhiwa na kitabu. Jioni nyingine zote tulizokaa pamoja hapa Mingoyo sikumuuliza kitu. Basi nisimhukumu sana Ibn Battuta. Yeye aliruka siku 15. Mimi nimeruka maisha ya mtu mzima.