Moja yataka unyevu, nyingine yataka moto

Ukizitazama kwa haraka, kotsuzumi na otsuzumi utadhani ni ngoma moja. Zote ni za jukwaa la Noh, tamthilia kongwe ya Japani. Zote zina mwili wa mti wa mcheri uliochongwa ukabanwa kiunoni, ngozi mbili za farasi, na kamba za rangi ya chungwa zinazozivutia pamoja. Otsuzumi ni kubwa kidogo, na katikati ya kiuno chake pana kifundo ambacho mwenzake hana. Lakini jukwaani hakuna atakayekufungulia kamba ukachungulie, kwa hiyo tazama mikono.

Kotsuzumi hushikwa kwa mkono wa kushoto, ikaegemezwa bega la kulia. Otsuzumi hulazwa kwenye paja la kushoto. Mkono unaoshika kotsuzumi haukai bure: hubana kamba na kuziachia, na pigo liitwalo “pon” hutoka laini, likipinda likiwa bado hewani. Otsuzumi haina upole huo. Mlio wake ni mkavu, mkali, na hukatika papo hapo.

Siri iko kwenye ngozi, na hapo ndipo ninapowavulia kofia mafundi hawa. Ngozi za otsuzumi huokwa juu ya mkaa kwa saa nzima au zaidi kabla ya onyesho. Wapiga ngoma wetu nao hupasha ngoma zao moto, lakini hawa wamezidi: ngozi huchoka baada ya maonyesho machache tu, ikatafutwa nyingine. Hukauka na kuwa ngumu kiasi kwamba wapigaji wengi huvaa vidoleni vifuniko vya karatasi iliyokazwa kwa gundi.

Kotsuzumi yataka kinyume chake. Mpigaji huipulizia pumzi, na kwenye ngozi ya nyuma, isiyopigwa, hubandika vipande vya karatasi alivyovilowesha kwa mate, akiongeza au kubandua kadiri hewa ya siku ile inavyomwambia. Hufanya hayo mbele ya watazamaji, onyesho likiendelea, wala hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Ngozi inayotunzwa hivyo hurithiwa na kizazi kinachofuata.

Ukipata video ya Noh, watafute wapigaji wawili waliokalia vigoda. Aliye upande wako wa kulia ndiye wa kotsuzumi. Usiuondolee macho mkono wake wa kushoto.