Kuipima Albamu ya Kwanza ya Kundi la Hip Hop

Albamu ya kwanza ya kundi la hip hop hupimwa kwanza kwa sauti za wachanaji wake: kila mmoja atambulike kabla hajajitaja. Enter the Wu-Tang (36 Chambers) ya kundi la Wu-Tang Clan, iliyotolewa na Loud Records tarehe 9 Novemba 1993, inafaulu mtihani huu kuliko nyingi. Wachanaji ni tisa, kutoka Staten Island na Brooklyn, na hakuna anayechanganywa na mwenzake. Ol' Dirty Bastard anaimba na kubweka kwa pumzi moja. GZA anapanga maneno kwa utulivu. Method Man ana sauti ya kukwaruza inayobeba viitikio. Masta Killa ana ubeti mmoja tu, katika "Da Mystery of Chessboxin'". Kundi changa hugawa beti sawasawa ili asinung'unike mtu, na wimbo ukapwaya. Hapa kila mtu amepewa nafasi inayomfaa, hata ikiwa ndogo.

Midundo hupimwa kwa umoja wake. RZA ndiye aliyesimamia utayarishaji, katika studio ya Firehouse jijini New York, kwa fedha kidogo. Ngoma ni nzito, piano zimechakaa, na katikati hupenya mazungumzo ya filamu za kung fu. "C.R.E.A.M." imejengwa juu ya kipande cha wimbo wa soul wa The Charmels. Vumbi hilo la sauti si kasoro. Kasoro ni mdundo unaofunika maneno, na hapa mistari inasikika wazi hata wachanaji wanapopokezana kwa kasi.

Mapokezi yasomwe kwa miaka. Albamu hii ilifika nafasi ya 41 tu katika chati ya Billboard 200, ingawa jarida la The Source liliipa maiki nne na nusu kati ya tano. Kipimo kikali zaidi kilifuata: mkataba uliwaruhusu wasanii kusaini peke yao na lebo nyingine, na kufikia mwisho wa 1995 Method Man, Raekwon na GZA walikuwa wametoa albamu binafsi zilizosimama zenyewe. Mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu hiyo katika orodha ya kitaifa ya rekodi zinazohifadhiwa. Kazi hii haikustahili nafasi ya 41.