Betri ya Dagaa Hufia Kambini, Si Ziwani

Uliza kwenye mwalo wowote wa Ziwa Victoria kwa nini betri za taa za dagaa hazidumu, na jibu la kwanza litakuwa kwamba siku hizi zote ni feki. Feki zipo, na nitazifikia. Lakini betri nyingi zinazotupwa baada ya miezi michache zilitoka dukani zikiwa nzima. Kilichoziua ni mambo mawili: zilinunuliwa ndogo kuliko kazi, kisha zikaachwa bila chaji siku za mbalamwezi, mtumbwi ukiwa umevutwa nchi kavu na hakuna anayezikumbuka.

Dagaa wa ziwa hili, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huvuliwa usiku wa giza. Taa hufungwa juu ya chelezo cha mbao kilichotiwa nanga ya jiwe, dagaa hukusanyika chini ya mwanga, kisha wavu huzungushwa. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai moja hunywa lita ya mafuta ya taa au zaidi kwa usiku, na tone la mvua likiangukia glasi yake ya moto, glasi hupasuka. Mwaka 2008 kampuni ya Kijerumani ya OSRAM ilishiriki kufungua kituo cha kuchajia kwa nguvu ya jua huko Mbita, upande wa Kenya, ili wavuvi wakodi taa na betri badala ya kununua mafuta. Baadaye taa za LED zikashuka bei na kuenea mialoni. Mwanga ukapatikana kwa umeme kidogo sana, na shida yote ikahamia kwenye kile kinachoubeba umeme huo.

Hapo ndipo mazoea ya karabai yanapomponza mvuvi. Dumu la mafuta halidhuriki likikaa tupu wiki mbili. Betri inadhurika.

Hesabu ya usiku mmoja

Chukua taa moja ya LED ya wati 6. Ikiwashwa saa 1 jioni na kuzimwa saa 11 alfajiri, imekaa saa 10. Wati 6 mara saa 10 ni wati-saa 60. Gawa kwa volti 12, unapata ampea-saa 5. Hicho ndicho taa itakachokula kila usiku, kwa usiku kama ishirini mfululizo.

Mtu akiiona hesabu hiyo hukimbilia betri kavu ndogo ya ampea-saa 7, ile inayotumika kwenye ving'ora vya majumbani, kwa kuwa 7 ni zaidi ya 5. Na kweli, usiku wa kwanza taa inafika alfajiri. Lakini imekula zaidi ya asilimia 70 ya ujazo, na betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu mara kwa mara. Tena namba iliyoandikwa kwenye lebo hupimwa kwa kuitoa betri chaji polepole, kwa saa 20. Ukiimaliza kwa saa 10, inatoa pungufu ya ilichoahidi. Baada ya mwezi mmoja taa inaanza kufifia saa 9 usiku, na lawama zinamwendea mwenye duka.

Hesabu sahihi ni kuzidisha mahitaji mara mbili, halafu kuongeza kidogo kwa ajili ya uzee. Ampea-saa 5 mara mbili ni 10, na ukiongeza sehemu moja ya tano unafika 12. Kwa taa hiyo ya wati 6, basi, betri ya risasi isipungue ampea-saa 12. Taa ikiwa ya wati 10, rudia hesabu kabla ya kwenda dukani, usikisie.

Nguvu isiyohitajika

Wengine huchukua betri ya gari au ya pikipiki, kwa sababu inapatikana kila mji na fundi wake yupo. Betri hizo zimeundwa kuwasha injini. Ndani yake mna sahani nyingi nyembamba za risasi, ili zitoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha zirudishiwe chaji papo hapo injini ikiunguruma. Kuwasha gari hakuchukui hata asilimia tano ya chaji. Ukiitaka betri hiyo ikeshe na taa usiku kucha, sahani nyembamba huchakaa na kumomonyoka upesi, na uchafu wake hutuama chini ya kasha.

Mtumbwi wa dagaa hauhitaji nguvu ya namna hiyo hata kidogo, maana injini zake za nje kwa kawaida huwashwa kwa kuvuta kamba. Unachotafuta ni betri yenye sahani nene, inayouzwa kwa kazi ya sola, inayovumilia kushushwa na kupandishwa kila siku. Ukikosa hiyo ukalazimika kutumia ya gari, nunua kubwa na usiishushe chini ya robo tatu ya chaji. Utabeba uzito mwingi kwa mwanga mdogo, lakini itaishi.

Saa nane za mchana

Mtumbwi unarudi asubuhi, na betri zinafika kwenye chaja kama saa 3. Saa 11 jioni zinatakiwa ziwe mkononi. Zina saa nane tu, na saa hizo zinatosha kwa shida.

Betri ya risasi huchajiwa vizuri kwa ampea zisizozidi sana sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Ya ampea-saa 12 ipewe kama ampea 1.2. Imepoteza ampea-saa 5, lakini kwa sababu ya upotevu njiani itahitaji kama 6 kuzirudisha. Saa nne za mwanzo hurudisha sehemu kubwa, ndipo volti zinafika 14.4 na betri yenyewe inaanza kukataa, ikipokea kidogo kidogo. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayochosha watu. Kwenye kibanda chenye foleni, mwenye kibanda anaona mshale haupandi tena, anaichomoa na kuweka ya mwingine. Mvuvi anaondoka na betri ya asilimia 80 au 85 akidhani imejaa.

Usiku mmoja wa namna hiyo hauna neno. Usiku ishirini ni jambo jingine, kwa sababu ile asilimia 15 isiyorudishwa inakaa kwenye sahani siku zote ishirini na kuanza kuwa ngumu.

Kibaya zaidi ni kuharakisha kwa chaja ya gari ya ampea 10. Betri kavu ikipigwa umeme huo huchemka, mvuke hutoka kwenye vali, na maji yaliyotoka hayarudishiki. Ukiona kasha limevimba tumboni, jua ilikochemkia.

Kambi yenye paneli zake huepuka foleni. Kwa betri hiyo moja, paneli ya wati 25 hadi 30 hutosha siku ya jua zuri. Masika yakiingia na mawingu kutanda siku tatu mfululizo, haitoshi, hivyo ni busara kuongeza paneli badala ya kuongeza betri. Chaji kontrola ni lazima. Paneli iliyounganishwa moja kwa moja inaweza kuichemsha betri mchana, na isipokuwa na kizuizi, ikainyonya chaji usiku.

Siku za mbalamwezi

Sasa kiini cha jambo. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa hauna mvuto ziwani, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku kama kumi. Usiku wa mwisho wa giza betri zinarudi zimeshuka, watu wanagawana mapato, vijana wanakwenda makwao. Betri zinarundikwa kwenye kibanda cha bati. Hakuna haja ya kulipia chaji ya taa isiyowashwa, ndivyo inavyofikiriwa.

Ndani ya betri kazi haijasimama. Kila inapotoa umeme, risasi ya kwenye sahani hugeuka salfeti ya risasi, unga laini ambao chaji inayofuata mapema huugeuza tena. Ukiachwa, unga huo hukua kuwa fuwele ngumu zisizopitisha umeme wala kuyeyuka kirahisi. Joto la kibanda huharakisha: kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25, maisha ya betri hupungua kwa karibu nusu. Fundi akiipasua betri iliyolala hivyo miezi miwili mitatu, utaona sahani zimepauka na kushika ukoko mweupe usiobanduka hata kwa ncha ya bisibisi.

Dalili yake kwa nje huwadanganya wengi. Betri yenye ukoko "hujaa" upesi ajabu. Taa ya kijani ya chaja inawaka baada ya saa moja, mwenyewe anafurahi, kisha ziwani inazima saa 5 usiku. Imejaa upesi kwa sababu sehemu iliyobaki hai ni ndogo.

Dawa ni rahisi. Siku ya kwanza ya mbalamwezi, kila betri ya risasi ichajiwe hadi mwisho bila haraka, maana sasa hakuna anayeidai jioni. Ichomolewe waya zote, ifutwe, iwekwe kivulini penye hewa. Siku moja kabla ya kurudi ziwani, ipewe chaji fupi tena. Kuhakiki ni kwa mita ya volti, na si mara tu inapotoka kwenye chaja, kwani wakati huo husoma 13 na zaidi bila ukweli wowote. Iache saa kadhaa. Ikisoma 12.7 imejaa, 12.1 ni nusu, 11.8 ni karibu tupu. Betri ya maji ipimwe pia kwa haidromita: 1.265 kila chumba ni nzima. Chumba kimoja kikisoma chini sana kuliko vingine, hicho ndicho kinachoiangusha betri yote. Maji ya kuongeza yawe yale yaliyotoneshwa tu, na yaongezwe baada ya kuchaji. Maji ya ziwa yana madini yanayoharibu sahani.

Lithiamu ina masharti yake

Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma zinabadili hesabu. Unaweza kutumia asilimia 80 ya ujazo bila kuidhuru, hivyo taa yetu inatosheka na ampea-saa 7, kwenye uzito ambao ni robo hivi ya ule wa risasi. Watengenezaji hutaja mizunguko 2,000 au zaidi, wakati betri kavu ndogo ya risasi hufanya mia chache tu. Kwa usiku kama 240 wa uvuvi kwa mwaka, tofauti ni ya miaka. Kabla ya kushtushwa na bei, igawe kwa idadi ya usiku unaotarajia, halafu linganisha.

Lakini zinatunzwa kinyume. Wakati wa mbalamwezi lithiamu hupenda kulala ikiwa nusu, si ikiwa imejaa. Volti zake hazisemi kitu, kwani husimama karibu na 13.2 kwa muda mrefu sana wa matumizi. Na haififishi taa kukuonya. Kidhibiti cha ndani hukata ghafla, giza. Chaji kontrola lazima iwe na mpangilio wa lithiamu, usiozidi volti 14.6. Anayechanganya aina mbili kambini azipake rangi tofauti, maana utunzaji unaoiponya moja huichakaza nyingine.

Dukani na kwenye chelezo

Feki hugunduliwa kwa mizani. Risasi ni nzito, na betri kavu ya kweli ya ampea-saa 12 ina kilo tatu na nusu hadi nne. Iweke kwenye mizani ya dagaa. Ikiwa kilo mbili, lebo imeongopa. Pima na volti pale pale. Betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, na ukoko umeshaanza.

Kwenye chelezo, betri ikae katikati na chini, ndani ya kasha lisilopitisha maji, nayo itakituliza chelezo kwenye mawimbi. Betri ya maji inahitaji tundu la hewa, kwa sababu inapochajiwa hutoa haidrojeni inayolipuka; sigara ikae mbali. Fyuzi iwe karibu kabisa na kichwa cha chanya. Vichwa vipakwe grisi, na unga wa kijani au mweupe ukitokea usafishwe kwa maji ya magadi.

Betri iliyokufa isimwagwe asidi ufukweni wala kuyeyushwa kambini. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kwa risasi iliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na mapambano yao yakamfanya Phyllis Omido, aliyeyaongoza, apate tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Irudishe dukani, risasi yake ina thamani.

Yote haya yanamhitaji mtu. Taa ina anayeiwasha na wavu una anayeushona, lakini betri ni ya tajiri mwenye mtumbwi ziwani kukiwa giza, na si ya yeyote mwezi ukipevuka. Tajiri anayetaka betri zake zifike mwaka wa pili ataje jina la atakayebaki nazo siku hizo kumi, amkabidhi mita, na alipe chaji mbili za mapumziko kama anavyolipa mafuta ya injini.