Kakao Ina Kitabu, Kahawa ya Kutafuna Je?

Kakao ilipata waandishi mapema. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa mti wake jina Theobroma, yaani chakula cha miungu. Mwaka 1996 kikatoka The True History of Chocolate cha Sophie na Michael Coe. Sophie alifariki mwaka 1994 kazi ikiwa njiani, mumewe akaimalizia. Humo kakao ni kinywaji chenye povu kinachomiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, ni mbegu ambazo Waazteki walilipia bidhaa sokoni, ni kitu cha harusi na cha ibada. Baadaye sana ndipo inapokuwa kipande kitamu ndani ya karatasi inayong'aa. Nguvu ya kitabu iko katika mpangilio huo: ukifika dukani unajua tayari kwamba duka limekuja mwishoni. Udhaifu wake ni kwamba Afrika Magharibi, inakotoka zaidi ya nusu ya kakao ya dunia leo, inapewa nafasi ndogo mno.

Nyakahanga hatuna kakao. Ya Tanzania iko Kyela na Kilombero huko. Sisi tuna kahawa chini ya migomba, robusta iliyokuwa ikitunzwa magharibi mwa Ziwa Victoria kabla Mjerumani hajafika. Nani ameiandikia kitabu cha namna hiyo?

Aliyekaribia zaidi ni Brad Weiss, mwanaanthropolojia Mmarekani, katika Sacred Trees, Bitter Harvests cha mwaka 2003. Si kitabu chepesi. Weiss anapenda nadharia, na kuna kurasa ambapo mkulima anafunikwa kabisa na istilahi. Lakini jambo kubwa amelishika: kwa Wahaya kahawa haikuanza kama zao la kuuza. Ilitafunwa. Matunda huchumwa, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, kisha mgeni huwekewa mbele yake kabla ya maneno mengi. Waliotaka kuwa ndugu wa damu walichukua tunda moja lenye punje mbili, kila mmoja akameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Punje hizo mbili hukua zimelaliana ubavu kwa ubavu ndani ya ganda moja. Sijui kama kuna mshairi angeweza kubuni ishara bora kuliko hiyo. Tena kupanda mti wenyewe kulikuwa chini ya mamlaka ya Wakama. Mtu wa kawaida hakujipandia tu alivyotaka.

Ukishalijua hilo, habari za ukoloni zinasomeka tofauti. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walipozikataa kanuni za serikali kuhusu utunzaji wa mibuni, ugomvi haukuwa wa bei peke yake. Ulikuwa pia juu ya nani ana sauti ndani ya kibanja. Vitabu vyetu vya shule vinaiweka kahawa kwenye orodha ya mazao ya biashara, kati ya pamba na katani, na mwanafunzi wa Kayanga anakariri orodha hiyo wakati bibi yake ana kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo chumbani.

Kiswahili nacho kina mkono wake hapa. Neno kahawa limetoka kwenye Kiarabu likiwa jina la kinywaji. Pwani hilo halina shida, maana kule kahawa ni birika, vikombe vidogo na baraza. Huku, kusema "kutafuna kahawa" kunamfanya mgeni wa Dar es Salaam acheke kidogo, kana kwamba umesema unatafuna chai. Tunda lina jina lake, buni, lakini waandishi wetu wameliachia makamusi.

Lawama yangu kwa Weiss ni ya mipaka. Kitabu chake ni cha Buhaya. Karagwe ilikuwa ufalme mwingine, wenye Wanyambo na historia yake ya akina Rumanyika, na anayesoma akiwa Omurushaka atajiona pembeni ya ukurasa. Tena kimeandikwa kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Hilo silo kosa lake. Ni pengo letu.

Wa kuliziba atakuta neno moja linamsubiri: butura. Ndiyo biashara ya kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa maua, kwa sababu ada ya shule au dawa haiwezi kungoja mavuno. Serikali imeipiga marufuku, viongozi wameihubiri vibaya miaka nenda rudi, na katika habari mkulima huonekana mjinga aliyepunjwa au mnunuzi huonekana fisi. Ni masimulizi ya watu wawili tu, mbaya na mnyonge. Akina Coe waliweza kueleza jinsi mbegu ya kakao ilivyokuwa fedha na chakula kwa wakati mmoja. Butura inadai uandishi wa aina hiyo. Mzee ameuza maua ya mibuni yake mwezi wa shida. Miezi inapita, matunda yanaiva, mgeni wa heshima anabisha hodi. Mti bado uko nyuma ya nyumba yake. Je, akichuma kiganja kimoja cha kumchemshia mgeni, amechuma chake au ameiba?